Ruta Ijue Upana wa Njia Yake

(Haya ni maneno ya somo la redio kwa watu wazima. Vikundi vya wasikilizaji visome tena pole pole, kisha vijibu maswali yaliyo mwisho.)

Leo tutazungumza juu ya ruta, yaani mashine ile inayopokea habari kutoka kompyuta na simu za ofisini na kuzipeleka nje kwenye intaneti. Tutatazama namna ya kuijulisha ruta upana wa njia yake, na namna ya kuipangia foleni ili mambo yenye haraka yatangulie. Tafadhali kila mmoja awe na karatasi na kalamu, maana tutafanya hesabu kidogo. Ni hesabu za kuzidisha na kugawanya tu.

Shida yenyewe

Tuseme iko hospitali ya wilaya yenye njia moja ya intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde. Kwa njia hiyo daktari humpigia simu bingwa aliye katika hospitali ya mkoa. Kwa njia hiyo hiyo maabara hutuma majibu ya vipimo, na kompyuta ya ofisi ya hesabu hutuma nakala zake za akiba zikahifadhiwe mahali pengine.

Asubuhi simu inasikika vizuri. Saa nane mchana kompyuta ya hesabu inaanza kutuma nakala zake. Mara sauti inaanza kukatika. Bingwa anauliza, "Mmempa mgonjwa dawa kiasi gani?" Daktari anajibu, lakini tarakimu anayoitaja haifiki upande wa pili. Inabidi aseme mara tatu, na kila mara haijulikani kama amesikika sawasawa.

Wengi wakiona hivyo husema: tununue njia pana zaidi. Pengine yafaa kununua. Lakini angalia jambo hili: kompyuta inayotuma nakala kubwa hutumia nafasi yote inayoikuta, iwe ndogo au kubwa. Ukiipanua njia, kazi yake itakwisha mapema, lakini kwa muda wote inapotuma bado itagombana na simu. Basi kabla ya kutoa fedha, sharti tujue ugomvi huo unatokea mahali gani.

Hesabu ya simu moja

Chukua kalamu. Sauti ya simu inapopita katika intaneti hukatwa vipande vidogo vidogo vinavyoitwa pakiti. Katika utaratibu unaotumika sana, uitwao G.711, kila sekunde hutoka pakiti 50, na kila pakiti hubeba baiti 160 za sauti. Kila pakiti sharti iwe na anwani na maelezo mengine ya safari, nayo huchukua baiti 40. Jumla ni baiti 200.

Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo 200 mara 8 ni biti 1,600. Zidisha kwa pakiti 50, unapata biti 80,000 kwa sekunde, yaani kilobiti 80. Ukiongeza baiti 18 ambazo waya wa Etheneti hudai kwa kila pakiti, inafika kilobiti 87 na kidogo. Tuandike 88.

Sasa njia ya hospitali ni megabiti 10, yaani kilobiti 10,000. Simu kumi kwa pamoja zitahitaji kilobiti 880 tu. Hiyo haifiki hata sehemu moja ya kumi ya njia. Basi nafasi ya sauti ipo. Sauti inakatika kwa sababu pakiti zake zinawekwa kungoja nyuma ya pakiti za nakala, na nyingine hukuta foleni imejaa, zikatupwa.

Barua ikichelewa nusu sekunde hakuna ajuaye. Sauti haiwezi kungoja hivyo. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri kwamba kwa mazungumzo mazuri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywa hadi sikio. Milisekunde 1,000 ndizo sekunde moja.

Foleni iko wapi?

Hili ndilo jambo kubwa la somo letu.

Ruta ya hospitali imeungwa kwa waya mfupi na modemu ya kampuni inayouza intaneti. Mlango wa ruta unaoelekea kwenye modemu una mwendo wa megabiti 1,000 kwa sekunde. Lakini modemu hutoa nje megabiti 10 tu, maana ndicho kiasi kilicholipiwa. Ruta haijui habari hiyo. Inaona mbele yake waya wa megabiti 1,000, nayo inamimina pakiti zote bila wasiwasi. Kwa macho yake hakuna msongamano, kwa hiyo hakuna foleni.

Foleni ipo, lakini imejipanga ndani ya modemu. Modemu ina ghala ndogo ya kuhifadhi pakiti zinazongoja. Tuseme ghala hiyo inaweka baiti 500,000. Zidisha kwa 8: ni biti 4,000,000. Njia inatoa biti 10,000,000 kila sekunde. Gawanya. Jibu ni sehemu nne za kumi za sekunde, yaani milisekunde 400. Ghala ikijaa nakala za ofisi ya hesabu, kila pakiti ya sauti inayofika itasimama nyuma kwa milisekunde 400, hata kabla ya kuanza safari. Nayo modemu haimjui daktari wala mhasibu. Aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kutoka.

Fikiri juu ya askari wa barabarani. Amewekwa penye barabara ya njia sita iliyo nyeupe, ambapo magari yanapita bila kusimama. Kilomita moja mbele liko daraja la gari moja moja, na huko ndiko magari yamebanana, pamoja na gari la wagonjwa. Askari huyo anaweza kuwa hodari sana, lakini hana la kupanga pale aliposimama. Akitaka kusaidia, sharti foleni iletwe mbele yake.

Ndivyo ilivyo kwa ruta. Unaweza kuiandikia sheria nzuri za kutanguliza sauti, lakini sheria hizo hufanya kazi penye foleni tu. Basi kazi yetu ni kuihamisha foleni kutoka kwenye modemu, tusikoweza kuipanga, na kuileta ndani ya ruta.

Hatua za kufuata

Hatua ya kwanza: pima. Usikubali maandishi ya mkataba peke yake. Pima mwendo wa kwenda nje mara kadhaa, asubuhi, mchana na usiku, wakati ambapo watu hawaitumii njia. Andika kila kipimo katika daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na njia ya intaneti ni mali.

Hatua ya pili: chagua mwendo wa ruta ulio chini kidogo ya kile ulichopima. Kama umepata kilobiti 10,000, weka 9,500. Huo upungufu wa 500 si hasara. Ruta ikitoa pakiti pole pole kuliko modemu inavyoweza kuzipeleka, ghala ya modemu hubaki karibu tupu, na wanaongoja watangojea ndani ya ruta.

Hatua ya tatu: gawanya pakiti katika makundi. Kila pakiti ina nafasi ya biti sita za kuwekea alama ya daraja lake, kwa hiyo alama zinaweza kuwa kutoka 0 hadi 63. Utaratibu huo ulitangazwa mwaka 1998 na IETF, jumuiya ya wahandisi wanaotunga kanuni za intaneti. Kwa desturi sauti hupewa alama 46. Simu nyingi za ofisini hujiwekea alama hiyo zenyewe. Kazi ya maabara tutaipa alama 26, nayo huwekwa na seva yake au na ruta pakiti inapoingia. Yote yaliyobaki ni kundi la kawaida.

Hatua ya nne: ligawie kila kundi nafasi yake. Sauti tuipe kilobiti 1,000, maana simu kumi zahitaji 880. Sauti itatangulia daima. Maabara tuiahidi kilobiti 5,000. Kundi la kawaida litapata 3,500 zilizobaki. Wala usiogope kwamba nafasi zilizoahidiwa zitakaa bure. Maabara ikinyamaza, nafasi yake hutumiwa na wengine. Ahadi hizi hushika wakati wa msongamano.

Katika ruta za Cisco zinazotumia programu ya IOS, maagizo hayo huandikwa kama hivi. Maneno ya amri ni ya mashine, nayo huandikwa vivyo hivyo; majina ya herufi kubwa tumeyachagua sisi:

class-map match-any SAUTI
 match dscp 46
class-map match-any MAABARA
 match dscp 26
policy-map FOLENI
 class SAUTI
  priority 1000
 class MAABARA
  bandwidth 5000
 class class-default
  fair-queue
policy-map LANGO
 class class-default
  shape average 9500000
  service-policy FOLENI
interface GigabitEthernet0/0
 bandwidth 9500
 service-policy output LANGO

Itazame kama nyumba yenye vyumba. LANGO ni nyumba, na mwendo wake wote ni 9,500. FOLENI ni vyumba vilivyo ndani. Ukiweka FOLENI peke yake mlangoni pa ruta bila LANGO, utakuwa umemrudisha yule askari kwenye barabara nyeupe.

Angalia vizuri vipimo. Mwendo wa LANGO umeandikwa kwa biti: 9500000. Nafasi za makundi na upana wa mlango zimeandikwa kwa kilobiti: 1000, 5000, 9500. Ukikosea hapo, utakuwa umekosea mara elfu moja.

Maana ya upana ulioandikwa mlangoni

Katika maagizo yale, chini ya jina la mlango, tuliandika upana wa 9500. Wengi huona neno hilo wakadhani kwamba ndilo linalopanua au kupunguza njia. Sivyo. Kuandika "tani kumi" ubavuni mwa lori la tani tatu hakulifanyi libebe tani kumi. Tarakimu hiyo ni taarifa tu kwa ruta. Mwendo wa kweli hupunguzwa na LANGO.

Hata hivyo taarifa hiyo si ya bure. Kwanza, ukiweka sheria za foleni moja kwa moja juu ya mlango na kuzigawa kwa asilimia, ruta hutoa asilimia hizo katika upana ulioandikwa. Asilimia 10 ya megabiti 1,000 ni megabiti 100. Asilimia 10 ya kilobiti 9,500 ni kilobiti 950. Tofauti ni zaidi ya mara mia.

Pili, itifaki za kuchagua njia huisoma tarakimu hiyo. Itifaki iitwayo OSPF, kwa mpango wake wa kawaida katika ruta za Cisco, hugawanya megabiti 100 kwa upana wa mlango ili kupata gharama ya njia. Mlango wa megabiti 100 una gharama ya 1, na wa megabiti 10 una gharama ya 10. Ruta huchagua njia yenye jumla ndogo ya gharama. Basi ikiwa ofisi yako ina njia mbili, usibadili tarakimu hiyo bila kufikiri. Pengine utalala pakiti zikipita njia ya kwanza, na kuamka umeziona zote zimehamia ya pili.

Mambo ya kujihadhari

La kwanza, usikipe kila kitu daraja la sauti. Mkubwa wa ofisi atataka picha zake zitangulie, mhasibu naye atataka nakala zake zitangulie. Magari yote yakifunga king'ora, hakuna tena gari la wagonjwa.

La pili, nafasi ya sauti ina mpaka. Wakati wa msongamano, sauti ikipita kilobiti 1,000, zinazozidi hutupwa. Nazo hazitupwi za simu ya mwisho tu. Simu kumi na mbili zikiingia mahali pa simu kumi na moja, zote kumi na mbili huweza kuharibika. Kwa hiyo mtambo wa simu nao uwekewe mpaka: ya kumi na moja iambiwe kwamba njia imejaa, ili zile kumi zisikike.

La tatu, matoleo ya zamani ya programu ya IOS hayakukubali jumla ya nafasi zilizoahidiwa ipite asilimia 75. Ruta kuukuu ikikataa amri yako, tazama hapo kwanza.

Na zile pakiti zinazoingia?

Msikilizaji mmoja atauliza: hizo ni za kutoka; je, zinazoingia? Swali ni zuri. Pakiti inayotoka unaweza kuizuia, maana iko mkononi mwako. Inayoingia imekwisha kupita mahali pembamba kabla hujaiona. Dawa kamili ni kampuni iliyo upande wa pili kuzipanga.

Hata hivyo kuna msaada. Mnamo Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, huko Marekani, mawasiliano yaliyokuwa ya kilobiti 32 kwa sekunde yalishuka hadi biti 40. Mahali hapo palikuwa pametengana kwa mita 400 hivi tu. Van Jacobson na wenzake walichunguza, nao wakaona kwamba kompyuta zilikuwa zikirudia kutuma bila kujali msongamano. Walitengeneza utaratibu wa mtumaji kupunguza mwendo pakiti zake zinapopotea. Tangu hapo watumaji wengi wa intaneti hujizuia kwa namna hiyo.

Sisi twaweza kuutumia utaratibu huo. Weka LANGO jingine kwenye mlango wa ruta unaoelekea ndani, kwenye kompyuta za ofisi, kwa mwendo ulio chini ya ule wa njia inayoingia. Mtumaji wa mbali ataona pakiti zake zinachelewa au zinapotea, naye atapunguza mwendo. Hapa punguza zaidi kidogo, kama asilimia 10 au 15, kwa kuwa msaada huu hufika kwa kuchelewa.

Jaribu, kisha tazama

Kazi haijaisha mpaka umeijaribu. Anzisha nakala za ofisi ya hesabu kwa makusudi, kisha piga simu. Sikiliza. Halafu iulize ruta kwa amri hii:

show policy-map interface GigabitEthernet0/0

Itakuonyesha kila kundi, pakiti zilizopita na pakiti zilizotupwa. Katika kundi la sauti zilizotupwa zisiwepo. Katika kundi la kawaida usishtuke ukiziona chache. Ndiyo ishara inayowaambia watumaji wapunguze mwendo. Lakini ukikuta hakuna foleni mahali popote na simu bado inakatika, ujue foleni ingali katika modemu. Punguza tarakimu ya LANGO, ujaribu tena.

Kumbuka kwamba tarakimu uliyopima haidumu milele. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zilizo chini ya bahari, EASSy na Seacom, ziliharibika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi nyingine za jirani. Katika siku ya namna hiyo mahali pembamba pamehama kutoka modemu ya hospitali na kwenda mbali. LANGO la 9,500 halina tena kazi, maana hata 3,000 pengine hazipiti. Hapo mwenye daftari atapima upya, atashusha tarakimu, na kuilinda sauti katika kile kidogo kilichobaki. Lakini alama ya 46 isikudanganye: ikiisha kutoka mlangoni pako, wengine hawalazimiki kuiheshimu. Katika intaneti ya watu wote kwa kawaida haiheshimiwi. Ulinzi wako unaishia pale unapoipanga foleni wewe mwenyewe.

Muhtasari

Kwanza, jua upana wa kweli wa njia. Pili, iambie ruta ukweli huo, na upunguze mwendo wake chini kidogo ya hapo, ili foleni iwe ndani yake. Tatu, amua nani atangulie, nao wawe wachache. Nne, jaribu wakati wa msongamano. Ukifanya hivyo, daktari atataja kipimo cha dawa mara moja, nacho kitasikika. Na nakala za mhasibu zitafika pia, labda dakika chache baadaye.

Maswali kwa vikundi

1. Ofisi ina njia ya kwenda nje ya kilobiti 4,000. Ghala ya modemu yake inaweka baiti 250,000. Ghala ikijaa, pakiti ya sauti itangoja milisekunde ngapi? Je, inapita 150?

2. Ofisi hiyo yataka simu sita kwa wakati mmoja. Sauti itengewe kilobiti ngapi? LANGO liwekwe kiasi gani, na litaandikwaje kwa biti?

3. Kuandika upana mpya chini ya jina la mlango kunabadili nini, na hakubadili nini?

4. Katika ofisi yenu, ni kazi gani isiyoweza kungoja? Ni kazi gani inayoweza kungoja mpaka usiku? Zungumzeni mpaka mpatane, maana ruta haitawaamulia hilo.